Mkonge Mdogo wa Mistari: Jinsi ya Kuupanda na Kuutunza

(Haya ndiyo maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wapanda maua na wauza miche. Tunayachapa hapa kwa faida ya wasomaji wetu, wa mijini na wa mashambani.)



Mmea nitakaowaeleza leo ni mdogo, wala hauliwi. Najua kwamba mtu mwenye shamba la mahindi, au mtu anayeishi katika chumba kimoja mjini, aweza kuniuliza, “Bwana, mmea usioliwa wanifaa nini?” Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwanza.

Mmea huu unafaa kwa sababu mbili. Ya kwanza, huridhika na maji machache sana, kwa hiyo unamfaa mtu wa nchi kavu na mtu wa mjini ambaye bomba lake hutoa maji kwa zamu. Ya pili, watu huununua. Tazameni vijana wanaouza miche kando ya barabara za Nairobi. Wako wanaolipia karo za watoto wao kwa kazi hiyo. Basi muuzaji ambaye miche yake kumi imeoza katika mvua za masika hakupoteza maua tu. Amepoteza karo. Kwa hiyo yafaa tujue kwa hakika mmea huu unaishi kwa nini, na unakufa kwa nini.

NI MMEA GANI HUU?

Mkonge si mgeni kwenu. Aliyepata kusafiri kupita Thika, Mogotio, Voi au Vipingo ameyaona mashamba yake, safu kwa safu mpaka macho yachoke. Katika Ukambani umepandwa uwe ua wa boma na mpaka wa shamba, na nyuzi zake zimesokotwa kamba na kusukwa vyondo.

Huu ninaousema ni ndugu mdogo wa mkonge ule. Wataalamu wa mimea huuita Agave lophantha, na aina yake yenye mistari huitwa Quadricolor, maana yake “rangi nne.” Rangi hizo ni hizi: kijani iliyokoza, kijani hafifu iliyopita katikati ya jani kama njia, manjano pembeni, na wekundu unaotokea kwenye kingo na miiba jua linapoupata vizuri. Mmea mzima, hata ukikomaa, aghalabu hauzidi futi 1 kwenda juu na futi 1 na nusu kwa upana. Kwa hiyo waweza kukaa katika chungu bila kuchukua nafasi kubwa.

Asili ya mikonge ya namna hii ni Meksiko na nchi zilizo jirani nayo. Hata mkonge wa mashambani ulitoka huko ng’ambo. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dr. Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, Marekani. Ikasafirishwa kwa njia ya Hamburg, na mingi ikafa safarini. Iliyofika hai katika pwani ya nchi ambayo leo ni Tanzania ilikuwa 62 tu. Katika miche ile 62 ulianza ukulima mkubwa wa katani wa Afrika ya Mashariki, nao haukuanzishwa kwa mbegu, bali kwa miche inayozaliwa na mmea wenyewe. Likumbukeni neno hilo, maana tutalirudia.

Kabla ya kuendelea, nataka kuondoa kosa moja. Wako watu wanaodhani kwamba mkonge na mshubiri ni kitu kimoja, kwa kuwa yote miwili ina majani manene yenye miiba. Sivyo. Jani la mshubiri ukilivunja hukatika mara moja, na ndani utaona ute. Jani la mkonge ukilivunja hukataa kuachana, kwa sababu lina nyuzi. Tena mshubiri hutoa maua mara nyingi katika maisha yake, lakini mkonge hutoa mara moja tu. Mtu asichukue jani la mkonge akalipaka kidondani wala akanywa maji yake, akidhani ni dawa ya shubiri. Utomvu wake huwasha na kuchoma.

MSTARI NI UZURI, LAKINI NI MZIGO PIA

Sasa tuutazame ule mstari wa manjano, maana ndio unaowafanya watu waununue mmea.

Jani hupata rangi ya kijani kwa sababu ndani yake mna kitu kiitwacho klorofili. Kitu hicho ndicho kinachoshika mwanga wa jua na kuupikia mmea chakula chake. Mahali palipo na manjano au weupe, kitu hicho kimepungua sana au hakipo kabisa. Basi fikirini nyumba yenye watu wawili. Mmoja analima, anateka maji na kupika. Wa pili amevaa nguo nzuri, ameketi kitini, anangoja chakula. Mgeni akipita barabarani humsifu yule aliyeketi. Lakini anayeilisha nyumba ni yule mwingine.

Ndivyo ulivyo mmea huu. Sehemu ya kijani hufanya kazi, na sehemu ya manjano hula. Kwa sababu hiyo mkonge wa mistari hukua polepole kuliko mkonge wa kijani mtupu, huungua upesi zaidi kwa jua kali, na ukiugua hukawia kupona. Aununuaye hana budi kujua tangu mwanzo kwamba amechukua mmea mzuri wenye nguvu kidogo. Kuutunza ni kuusaidia yule mmoja afanyaye kazi asizidiwe na mzigo.

KINACHOUUA NI MAJI

Mtu anunuapo mmea huu huuweka mahali pazuri, akaupenda, akaumwagia maji kila asubuhi kama sukuma wiki. Mwezi wa kwanza unapendeza. Mwezi wa pili majani ya chini yanalegea na kugeuka rangi. Mwenyewe anaona huruma, anaongeza maji. Mwezi wa tatu anaugusa, nao unang’oka mkononi bila mizizi, na shina linanuka. Hapo husema kwamba muuzaji alimdanganya, au kwamba yeye hana mkono wa maua. La, si hivyo. Mizizi imeoza. Mmea umeuawa kwa wema.

Sababu yake ni hii. Mimea mingi hufungua vitundu vidogo vya majani yake wakati wa mchana ili kuvuta hewa, na maji mengi hupotea kwa njia hiyo. Mkonge hufunga vitundu vyake mchana, wakati wa joto, akavifungua usiku kunapokuwa na baridi. Tena majani yake manene ni kama mitungi. Ndani yake ameweka akiba. Kwa hiyo hutumia maji kwa choyo. Ukimpa kila siku, hayatumii. Yanakaa katika udongo, na mizizi inakosa hewa. Ndipo uozo unapoingia.

Basi shikeni kanuni hii: usimwagilie kwa kuhesabu siku, mwagilia kwa kuutazama udongo. Chukua kijiti kikavu, ukichome katika udongo mpaka karibu na chini ya chungu, ukingoje kidogo, kisha ukichomoe. Kikitoka na unyevu au udongo umekishika, ondoka uende zako. Kikitoka kikavu na safi, mwagia maji mpaka yatoke katika matundu ya chini, kisha uache. Wakati wa joto na ukavu, huenda ikawa mara moja katika wiki moja au mbili. Katika miezi ya baridi ya nchi za juu, yaani Juni mpaka Agosti, mara moja katika wiki tatu au nne yatosha, na pengine hata hiyo si lazima.

Mvua za masika, kuanzia Machi hata Mei, na za vuli, kuanzia Oktoba hata Desemba, ndizo hatari kubwa. Chungu chako kisogeze chini ya upenu wa nyumba, mahali ambapo mwanga unafika lakini maji ya paa hayadondoki. Muuza miche aliye barabarani ainue miche yake kutoka ardhini, aiweke juu ya mbao au mawe, ili maji yakipita yasiingie kwa chini. Usiache maji yasimame katikati ya majani, penye moyo wa mmea. Wala usiweke chini ya chungu kisahani kilichojaa maji, kwa maana hicho ni kisima cha mauti.

UDONGO NA CHUNGU

Chombo chochote chafaa, kiwe chungu cha udongo, mkebe wa rangi uliosafishwa, au ndoo kuukuu, madhali kina matundu chini. Chungu cha udongo ni bora kuliko vyote, kwa kuwa hupitisha hewa na kukauka upesi. Kisiwe kikubwa mno. Chungu kikubwa chenye mmea mdogo hubeba udongo mwingi usio na mizizi, na udongo huo hukaa na maji. Kama upana wa mmea ni inchi 5, chungu cha inchi 6 chatosha.

Udongo peke yake haufai, hasa ule mweusi wa nyanda za Athi, ambao wakati wa mvua huwa kama ugali na wakati wa jua hupasuka. Changanya hivi: sehemu 1 ya udongo mwekundu wa shamba, sehemu 1 ya mchanga mnene wa mtoni, na sehemu 1 ya changarawe au kokoto ndogo. Mchanga wa baharini usiutumie, maana una chumvi. Ukiwa na samadi iliyooza kabisa, tia konzi moja katika mchanganyiko wa kujaza ndoo, isizidi. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kisha jaribu: tia mchanganyiko wako katika mkebe wenye matundu, umwagie maji. Yakipita mara moja, udongo ni mzuri. Yakisimama juu kama dimbwi, ongeza changarawe.

Unapopanda, shingo ya mmea, yaani mahali ambapo majani hukutana na mizizi, ikae juu ya udongo, isifukiwe. Juu yake tandaza kokoto kidogo ili majani ya chini yasilale juu ya udongo wenye unyevu. Kila baada ya miaka miwili au mitatu badilisha udongo, mwanzo wa miezi ya joto. Ukikata mizizi wakati wa kubadilisha, ngoja wiki moja kabla ya kutia maji, ili vidonda vifunge.

Mbolea ya dukani haihitajiwi sana. Ukipenda, toa kidogo iliyopunguzwa nguvu kwa maji mengi, mara moja au mbili katika mwaka, wakati wa joto. Mmea ukishibishwa mbolea hukua kwa haraka na ulaini, majani yakapoteza umbo lake, na wadudu wakaupenda.

JUA

Mkonge ni mtoto wa jua, lakini huyu wa mistari ana ngozi nyepesi. Mpe jua la asubuhi saa tano au sita, na kivuli chepesi mchana linapokuwa kali, hasa katika nchi za joto kama Pwani, Voi na kaskazini. Katika nchi ya juu kama Limuru waweza kuuacha katika jua mchana kutwa, ukishauzoeza.

Neno hilo la kuuzoeza ni kubwa. Mmea uliokaa kivulini dukani kwa miezi ukiuweka ghafula juani saa sita ya mchana, utaungua siku hiyo hiyo. Utaona mabaka meupe au ya kahawia, na mabaka hayo hayaponi. Utayatazama mpaka jani lile lizeeke. Anza kwa saa moja ya jua la asubuhi, uongeze kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili.

Kivuli kikizidi nacho ni kibaya. Majani hurefuka na kulala chini kama yamechoka, rangi hufifia, na ule wekundu hutoweka. Ukiona hivyo, usiongeze maji wala mbolea. Ongeza mwanga. Na kila wiki mbili geuza chungu robo ya mzunguko ili mmea usiinamie upande mmoja.

WATOTO WA MMEA

Sasa twarudi katika neno la miche 62. Mkonge wa rangi nne hauzaliwi kwa mbegu. Ndani yake mna namna mbili za nyama zilizounganika katika mwili mmoja, nyama ya kijani na nyama ya manjano, na mbegu haiwezi kuzibeba zote mbili kwa mpango ule ule. Mtu akikuuzia mbegu za mkonge wa mistari, funga mfuko wako. Njia ya kuuzidisha ni vichipukizi vinavyotokea ubavuni mwa mama. Kichipukizi hicho ni mama yule yule katika umri wa utoto.

Hata hivyo vichipukizi vyote havilingani, na hapa ndipo mali hupotea. Viko vya namna tatu.

Namna ya kwanza ni vyenye mistari safi, manjano pande zote mbili na kijani katikati. Hivyo ndivyo vya kulea.

Namna ya pili ni vya kijani mtupu. Hivi vina nguvu, kwa sababu vyote ni wafanya kazi na hakuna anayeketi. Ukiviacha chunguni vitamshinda mama kwa ukuaji, vitamfunika na kumnyang’anya nafasi, na baada ya miaka michache utakuwa na chungu kilichojaa mkonge wa kijani, mistari imekwisha. Viondoe mapema, toka mizizini. Si lazima kuvitupa. Vipande kando ya ua. Lakini usivichanganye na vile vingine.

Namna ya tatu ni vya manjano au vyeupe vitupu. Hivi hupendeza kuliko vyote, na mnunuzi asiyejua atavitaka kwa bei kubwa. Lakini havina mfanya kazi hata mmoja. Maadamu vimeshikamana na mama huishi kwa jasho lake. Siku utakapovikata vitaanza kufa njaa, na maji wala mbolea haviwezi kuviokoa. Viache mahali vilipo uvitazame.

Kichipukizi chema kikatwe kikisha kufikia kiasi cha theluthi ya mama, au kikiwa na mizizi yake mwenyewe. Fukua udongo polepole uone kilipoungana na mama. Safisha kisu kikali kwa spiriti, ukate mara moja. Kisha, na jambo hili wengi hawana subira nalo, usikipande siku hiyo. Kilaze kivulini mahali pakavu kwa siku tatu mpaka saba, hata kidonda kikauke na kufanya ngozi. Ndipo ukipande katika mchanganyiko mkavu, na maji ya kwanza uyatie baada ya wiki nzima. Usikivutevute kila siku kuona kama kimeshika. Baada ya majuma kadhaa kiguse kidogo. Kikikataa kutikisika, kimeshika.

Wazee walisema kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mwenye kuchagua vichipukizi kwa macho mawili, baada ya miaka mitano atakuwa na kitalu chenye mistari safi. Mwenye kuacha vikue ovyo atakuwa na kichaka.

ADUI WA MMEA

Adui wa kwanza ni vidung’ata, wale wadudu weupe kama vipande vya pamba ambao hujificha chini ya majani na katika maungio. Chovya pamba katika spiriti uwafute mmoja mmoja, na urudie baada ya wiki moja. Wadudu wenye magamba, walioshika jani kama vipele vya kahawia, wakwanguliwe kwa kijiti, kisha ufute vivyo hivyo.

Adui wa pili ni mabaka ya ukungu, ambayo hutokea mvua zikizidi na vyungu vikibanana. Ondoa majani yenye ugonjwa, tenganisha vyungu ili hewa ipite, na mwagia udongo, usimwagie majani.

Adui wa tatu ndiye mkubwa, naye ni fukusi wa mkonge. Asili yake ni Marekani, lakini alikwisha kuingia Afrika ya Mashariki zamani, na wakulima wa katani wanamjua. Ni mdudu mweusi wa urefu wa nusu inchi au zaidi kidogo, mwenye mdomo uliopinda kama mkonga. Jike hutoboa sehemu ya chini ya mmea akataga mayai. Funza weupe hula moyo wa mmea kutoka ndani, na uozo huingia pamoja nao. Kwa nje huoni kitu, mpaka siku moja majani yote yanalala chini kama mwavuli uliovunjika.

Mmea uliofikia hapo hauponi. Ung’oe pamoja na udongo wake, uuchome moto. Usiutupe katika jaa wala kando ya shamba, kwa sababu fukusi watatoka humo waende kwa jirani. Kagua mimea mingine yote, hasa penye shingo, uone kama kuna matundu. Anayekaa karibu na mashamba ya katani aangalie mara mbili zaidi, kwa kuwa fukusi wa shambani na wa chunguni ni mmoja.

MIIBA, WATOTO, NA SHERIA

Mwiba wa nchani mwa jani la mmea huu ni mgumu na mkali kama sindano, na urefu wa mmea katika chungu ni sawasawa na urefu wa jicho la mtoto anayeanza kutembea. Naomba jambo hili lisichukuliwe kuwa dogo. Usiweke chungu hiki mlangoni wala njiani ambapo watoto hukimbia. Kiweke juu ya ukuta mfupi au meza imara. Wako wanaokata nchi ya mwiba kwa mkasi wa kucha, kiasi kidogo sana, bila kugusa nyama ya jani. Hilo haliudhuru mmea. Unapoushika vaa glavu au tumia gunia lililokunjwa, ukingeuze uso wako. Utomvu ukikugusa ngozi, osha kwa maji mengi na sabuni. Mwiba ukichoma jicho, usilisugue wala usitie dawa ya nyumbani. Mpeleke mtu hospitali saa ile ile.

Kuhusu sheria, mtu akitaka kuleta mikonge ya mapambo kutoka nchi za nje, ni lazima apate kwanza kibali cha KEPHIS, shirika la kukagua afya ya mimea katika Kenya, na mimea ije na cheti cha afya kutoka nchi inakotoka. Wengine huona haya ni masumbufu, wakaificha mimea mikobani. Wafikiri kidogo. Kenya ni mojawapo ya nchi zinazotoa katani nyingi duniani, na jamaa nyingi hula kwa kazi hiyo. Mche mmoja uliofichwa waweza kuleta mdudu au ugonjwa ambao hatujawa nao. Tena aina nyingine zinalindwa na mkataba wa dunia nzima. Mojawapo ni Agave victoriae-reginae, mkonge mdogo mzuri wa kaskazini ya Meksiko uliopewa jina la Malkia Victoria wa Uingereza. Huo hauvukishwi mpaka bila karatasi zake, kwa kuwa watu waliung’oa sana huko porini kwao.

Na kwa wauza miche nina neno moja la undugu. Usimuuzie mtu kichipukizi cha kijani ukimwambia kwamba mistari itatokea baadaye. Haitatokea. Usimuuzie cha manjano kitupu kilichokatwa ukijua kwamba kitakufa. Mwambie mnunuzi wazi, “Mama, huu usiumwagilie mpaka udongo ukauke,” na ukiweza mwandikie katika kipande cha karatasi. Mnunuzi ambaye mmea wake umeishi mwaka mzima atarudi kununua mwingine, naye atamleta jirani. Yule ambaye mmea wake umeoza hatapita tena upande ule wa barabara.

MWISHO WA MMEA

Hapana marefu yasiyo na ncha. Baada ya miaka mingi mkonge wako utatoa katikati yake mti mmoja wa maua, mrefu kama mlingoti, nao katika aina hii waweza kupita futi 10, ingawa mmea wenyewe ni wa futi moja. Usifikiri ni ugonjwa. Mkonge hutoa maua mara moja tu. Nguvu zote alizoweka akiba katika majani yake huzipandisha juu, nyuki huja, kisha majani hukauka na mama hufa. Kuukata mti ule mapema hakumponyi.

Ndipo itakapojulikana mtunzaji alikuwa nani. Yule aliyeacha mambo yajiendee atabaki na chungu kitupu, au na vichipukizi vya kijani visivyofanana na mmea alioununua. Yule aliyetenga watoto wenye mistari safi mwaka baada ya mwaka, akavikausha vidonda vyao, akazuia mkono wake usitie maji ovyo, hatapoteza kitu. Mmea ule ule utakuwa umesimama katika vyungu vyake vingine, na pengine katika nyumba za majirani zake pia.

 Wenye maswali na waulize sasa, na aliyekuja na mmea wake anilete nao hapa mbele, tuuchome kijiti pamoja tuone kama una kiu.